Tulianza na Valmeron ya Kwanza

Hapana, Kavira, haiko vile, usimudanganye mutoto. Hata kama tungalianza na ya tatu, ile swali ya walinzi wa njia tungalikutana nayo tu, na mimi ningalikuwa sijui kujibu. Njo vile nilimwambia jana mbele ya watu wote wa kilio, kisu mukononi, ndizi nusu imetoka maganda. Kavira alikuwa amekaa ngambo ingine ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo, na alikuwa amemaliza kumushauri binti yake Gloria: "Anza na ya tatu, mama. Iko na picha muzuri, inaenda mbio. Siye tulianza na ya kwanza, tukaishia ku njia." Gloria iko na miaka kumi na sita. Mujomba wake alimuletea toka Kampala ordinateri, kompyuta, yenye iko na michezo yote ya Valmeron ndani, ya zamani na mipya, na yeye aliuliza tu ile swali yenye kila mutu anauliza mbele ya kuingia mu hadisi ndefu: nianze na gani? Nyanya yake tulikuwa tumemuzika juzi. Watoto wanauliza kwa wakati yao. Mimi nilifurahi aliuliza, juu tangu asubuhi watu walikuwa wanaongea tu juu ya padri mwenye alichelewa na juu ya matope ya makaburi, na mimi sina subira na maneno ya namna ile.

"Muangalie hawa wamama," jirani mumoja alisema, akipepea moto ya mbabula. "Maiti haijapoa mu udongo, bao banagombana juu ya michezo ya batoto."

"Mwenye amekufa alijua hii mambo kupita weye," Kavira alimujibu bila kugeuka.

Na ilikuwa kweli. Leo niko bado hapa kwa Kavira, mutaa ya Mbunya, Bunia, wengine wamelala kidogo kisha chakula ya mchana, na ninaandika haraka mbele hasira haijanitoka. Watu wengi wenye walikuja kutupa pole waliniita Masika. Wenye hawanijui vizuri wanazania njo jina yangu ya kuzaliwa, na wenye wananijua wanasema vile kwa kusudi. Mimi ni Chantal. Lakini mama mwenye tumezika tulimwita Mama Masika, na iko sababu mimi nilikaa ku kilio yake mu nafasi ya mutoto wa kwanza, na ile sababu inapita mu mwaka moja tu, na mu ile mwaka inapita mu muchezo moja ya televizyo. Kavira anaweza kusema yenye anataka.

Ilikuwa mwaka ya vita. Nilikuwa na miaka kumi na saba, mu cinquième ya sekondari, na masomo ilifungwa katikati ya saa ya historia: mwalimu alisikia masasi, akatia chaki mu mufuko ya koti yake, akatuambia twende, na hakutuambia turudi lini. Juu ya familia yangu sitasema mengi. Baba alikuwa ameenda Aveba, upande ya kusini, juu ya mashamba, njia ikafungwa nyuma yake, na mimi nikabaki Bunia mu nyumba yenye jirani wote walijua ni ya nani. Kabila yangu sitaiandika hapa. Ile mwaka niliulizwa kutosha. Waliuliza ku barrière, kwenye waaskari walifunga njia, waliuliza ku robine ya maji, waliuliza hata watoto wenye tulisoma nao toka primaire na wenye walijua jibu. Siku moja Kavira, mwenye tulikuwa tunakaa naye ku banc moja mu masomo, alikuja kunichukua na kitambaa ya mama yake ya kujifunika kichwa, tukapita njia ya nyuma ya mashamba ya muhogo mpaka kwao, mutaa ya Nyakasanza. Walikuwa Wanande, wafanya-biashara wa Butembo, walikuja Bunia kuuzisha chumvi na sabuni na mabati. Na weye mwenye unasoma, sitaki kukutesa bure: baba yangu hakufa kule Aveba. Alifika kunitafuta. Alichelewa sana, lakini alifika. Ila mimi ile mwaka sikujua, na yote yenye nitasema hapa niliifanya bila kujua.

Walinilaza mu depo, nyuma ya boutique, katikati ya mifuko ya chumvi. Mpaka leo nikifungua mufuko ya chumvi ninasikia ile chumba: ukuta ya matofali bila rangi, dirisha moja ya mbao yenye tulikuwa tunafunga hata mchana, panya mu bati, na arufu ya sabuni ya kufulia yenye ilikuwa inaingia mpaka mu bugali. Tulikulaka mara moja ku siku, saa ya jua kali, juu saa ile moshi ya jikoni haionekane mbali. Bugali ya muhogo na sombe bila mafuta, ao maharagi. Samaki ya ziwa hatukuona tena. Mama Masika alikuwa anapakua yeye mwenyewe, anamupa kila mutu sahani yake, na kila siku alikuwa anashika sahani moja ya zaidi, anaiangalia, kisha anairudisha ku kabati.  Masika, mutoto wake wa kwanza, alikuwa amekufa ku mwanzo ya ile mwaka. Homa tu. Dawa ilikuwa ngambo ingine ya muji na hakuna mutu angaliweza kuvuka.

Inafaa nieleze jina, juu bila ile hamutaelewa. Kwa Wanande jina inafuata nafasi. Mutoto muke wa kwanza ni Masika, wa pili ni Kavira, wa tatu Kabugho. Ukisema tu jina yako, mutu mwenye anajua desturi ameshajua wangapi walikutangulia mu nyumba. Na kama vile ku Congo yote, wazazi wanaitwa kwa mutoto wao wa kwanza. Masika alikuwa mu kaburi, na kila asubuhi wateja walikuwa wanagonga ku mulango: "Mama Masika! Iko chumvi?"

Televizyo na machine ya michezo ilikuwa mu ile depo, imefunikwa na gunia. Mbele ya vita Papa Masika alikuwa anaviweka ku baraza, vijana wanakuja kucheza mupira ku televizyo. Lakini Masika na Kavira walikuwa wanapenda Valmeron tu. Kulikuwa disque tatu, za kukopia, namba imeandikwa na kalamu ya feutre. Valmeron ni inchi yenye haiko mu dunia. Iko na miji ya kuta, kila muji na mulango, kila mulango na walinzi. Weye unakuwa mutu fulani, unatembea, unaongea na watu, unachagua, na hadisi inageuka vile umechagua. Ya kwanza ilikuwa na picha mbaya kabisa, watu sura sawa matofali, na inaanza na giza: maandiko moja inakuuliza jina yako, ingine inakuuliza weye ni wa kabila gani, inakupa kabila za kule uchague. Kisha ku kila mulango walinzi wanauliza tena, na ukijibu vibaya wanakuua. Ya pili disque yake ilikwaruzika, ilikuwa inakufa katikati. Ya tatu ilikuwa muzuri sawa filme. Unakuwa binti ya mufalme, jina umeshapewa, upanga umeshapewa, hakuna mwenye anakuuliza kitu. Unapiga tu.

Courant, umeme, hakukuwa. Kulikuwa panneau moja ndogo ya jua ku bati na batri ya camion, lori ya Papa Masika, na kama jua ilikuwa muzuri tulikuwa tunaweza kucheza kidogo kisha kula, sauti tumeikata, dirisha imefungwa. Hata siku ya kwanza tulishindwa kupatana.

"Tunaanza na ya kwanza," nilisema. "Hadisi inaanzaka ku mwanzo."

"Ona Madame Chapitre Premier, mama ya ukurasa ya kwanza," Kavira alisema. "Weye hata bakikupa ndizi utaanza kutafuna mugomba."

"Ukianza na ya tatu hutaelewa. Juu ya nini ule mufalme anachukia ndugu yake? Juu ya nini ile muji imechomwa?"

"Muji imechomwa, nani anaulizaka juu ya nini? Fungua dirisha, angalia."

"Kavira."

"Ya kwanza iko ndefu, Chantal. Nani amekuambia tutafika mwisho yake? Mimi ninataka kuona mwisho ya kitu moja. Moja tu."

"Tuko na haraka ya kwenda wapi?"

Kavira aliinamisha kichwa. Alianza kukwangua udongo ku kidole ya muguu, na mimi nilizania nimemushinda. Nilikuwa mutu ya kuzania ameshinda kama wengine wananyamaza. Leo, kisha miaka yote hii, ninaona kila moja wetu alikuwa anasema kitu ingine. Kwangu, kuanza na ya kwanza ilikuwa kusema tutakuwa na wakati, tutamaliza ya kwanza na ya tatu pia, na masomo itafunguliwa, na baba ataonekana ku njia. Kwake ilikuwa kinyume. Yeye alikuwa anajua kitu yenye mimi sikujua bado.

Nilikuja kuisikia mu jikoni. Hapana mu jikoni, nyuma yake, ku ukuta, nilikuwa ninaanika sombe. Papa Masika alikuwa anaongea na sauti ya chini yenye alikuwa anatumia na wateja ya deni.

"Njia ya Komanda bakifungua kidogo tu, tunatoka. Sitangoja tena. Kesho batakuja kutuuliza na siye tunafanya nini hapa."

"Na Chantal?"

"Mama Masika, tutafanya namna gani? Ku barrière batamuuliza. Akifungua kinywa tu, tumekufa siye wote."

Nilingoja. Mama Masika alikuwa anakoroga kitu, nilisikia mwiko ikipiga sufuria, ikapiga tena, ikasimama.

"Atapita na jina ya Masika," alisema. "Urefu iko moja. Yeye na Kavira ni batoto ba nyumba moja, nani atajua?"

"Kavira atasema nini?"

"Kavira atalia. Kisha atanyamaza."

Ile siku ile ile Mama Masika alinieleza mbele ya wote, mikono yake bado na unga. Hakunizunguusha. Alisema wanaenda Butembo, alisema mimi nikibaki hapa peke yangu nitakufa, alisema jina iko. Nilisema wasingya, juu kwa Kinande nilijua tu kusema asante na kusalimia. Lakini sikusema ndiyo. Nilikuwa ninafikiri juu ya baba. Kama ninaenda, atafika Bunia atakuta nyumba bila mutu, atauliza Chantal, na hakuna mutu mu njia yote mpaka Butembo mwenye atakuwa amesikia Chantal. Atazania niko mu shimo moja na wengine. Na kama ninabaki juu yake, labda hata yeye haiko tena, nitakuwa nimebaki juu ya nani? Nilizungusha ile mambo mu kichwa mpaka nikachukia kichwa yangu. Kavira hakulia. Aliinuka, akaacha sahani yake, akaenda kukaa mu depo juu ya chumvi na uso ku ukuta.

Kesho yake, wakati alikuwa anafua, mimi nilitia disque ya kwanza. Nilichoka na kubishana. Nilisema nitaanza mwenyewe, nitajifunza kudanganya walinzi ya Valmeron, labda itanisaidia na wa kweli. Nikaona maandiko: machine inasema nafasi ya kuhifazi imejaa, nifute kwanza mutu mwenye iko ndani. Mutu mwenye iko ndani aliitwa MASIKA. Nilikuwa bado ninaangalia ile jina, Kavira aliingia na mikono ya maji, akavuta kamba ya televizyo na nguvu mpaka batri ikatoka nafasi yake.

"Njo maana sikutaka ya kwanza," alisema. "Umeelewa sasa? Iko nafasi ya mutu moja tu na iko na mutu ndani. Yeye alianza ile muchezo mbele ya homa. Alisimama ku mulango moja. Bado anasimama kule."

"Sikugusa kitu."

"Weye unataka kuanza ku mwanzo! Kila kitu ku mwanzo! Sasa ufute yeye, uandike Chantal. Kisha utoke njee, ufute Chantal, uandike Masika. Unataka kumutia wapi, dada yangu?"

Nilitoa disque bila kubishana. Ni mara moja tu mu maisha yangu na Kavira.

Mambo yenye iligeuza yote ilitokea ku ua, mchana, mbele ya Muzee Saidi. Alikuwa shofere ya Papa Masika, Muislamu mwenye alikuwa amezunguuka na wachimba dhahabu mu miji yote ya machimbo, na alikuwa anajua barrière yote ya Ituri sawa mutu anajua meno yake. Alisema hatampakia mutu bila kumujaribu. Akachukua fagio, akaiweka begani sawa bunduki, akavuta kofia yake mpaka ku macho. Papa Masika alicheka. Hata Kavira, mwenye alikuwa ananiangalia toka asubuhi sawa mwizi, alikuja ku mulango.

"Shuka!" Muzee Saidi alipiga kelele. "Weye kabinti, jina?"

"Masika."

"Masika ya kitu gani? Batoto banamuke bangapi bamekutangulia?"

"Hakuna. Mimi wa kwanza."

"Na wa kukufuata?"

"Kavira. Njo ule."

"Ule mwenye sura ya limau? Sawa. Salimia."

"Wavukire."

"Eh! Anasema sawa alinyonyea Butembo!" Aligeukia Papa Masika. "Muzee, huyu umemuzaa lini, hukutuambia?" Wote tukacheka. Mimi nilikuwa na furaha ya ekzamen, ile ya kujua umepita. Muzee Saidi akakohoa, akajifanya amechoka, akaegemea fagio. "Basi, mimi musoda wa barrière niko na kiu. Omba mama yako anipe maji, kisha mupite."

Nikageuka na mbio. "Mama Masika," nilisema, "Muzee anaomba maji."

Muzee Saidi alishusha fagio pole pole. Hakukasirika. Afazali angalikasirika.

"Hapo bamekushusha," alisema. "Weye, na huyu mama, na siye wote. Mutoto gani anamwita mama yake na jina ya mutoto mwenyewe?"

Ilikuwa kosa ya kijinga na nilikuwa ninaifanya kila siku toka nilifika kwao: ku meza, ku maji, asubuhi nikimwamkia. Mama Masika alikuwa ameshajaza kikombe. Alimupa Muzee Saidi akunywe kweli, akangoja amalize, akachukua kikombe yake.

"Munamulaumia nini?" alisema. "Dunia yote inaniita vile. Mimi mwenyewe nikisikia, ninaangaliaka kwanza kama yule mutoto iko nyuma ya mwenye kuniita."

Muzee Saidi aliniambia nirudilie. Mama, maji. Mama, tu. Nilifungua kinywa na haikutoka. Mutu moja tu mu maisha yangu nilikuwa nimemwita vile bila kuongeza jina, na hakukuwa tena. Nilijaribu, nikajaribu, nikaanza kulia sawa mutoto ya primaire, na Papa Masika alisema na ile sauti yake ya chini: "Njo vile, haitawezekana." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na familia yake ya kupitisha.

Kavira njo alinishika mukono. Alinivuta mpaka mu depo, akatoa gunia ku televizyo, akatia disque. Ya kwanza. Nilimuangalia, hakuniangalia. "Keti," alisema. "Hatuanze ku mwanzo. Tunaanza kwenye alisimama." Na akafungua ile nafasi ya Masika. Alikuwa kule kweli, kamutu ka matofali na koti ya buluu, mbele ya mulango ya muji, na mulinzi mbele yake na maandiko juu ya kichwa: weye nani, na wa kabila gani? Kavira alinitia manette ya kuchezea mu mikono. 

"Kanuni moja," alisema. "Usimubadilishe jina."

Hatukusikia mama yake kuingia. Alikaa nyuma yetu juu ya mufuko, na yeye hajawahi kuangalia ile muchezo, alikuwa anasema ni kitu ya kuharibu macho. "Ni nani ule?" aliuliza.

"Ni Masika, mama."

Alikaribia mpaka uso wake ilikuwa karibu kugusa kioo. "Amevaa nini?"

"Koti."

"Ya buluu," alisema. "Alipendaka buluu." Kisha: "Na yeye aliwaambia ni wa kabila gani?"

Kavira alifungua ukurasa ya kamutu na akasoma, pole, akitafsiri toka Kifaransa. Mu Valmeron kulikuwa kabila za kila namna, wapiganaji, wachawi, wenye mali. Wachezaji wote wanachagua wapiganaji. Masika alikuwa amechagua watu ya mutoni, wenye hawana muji na hawana upanga. Kazi yao ni kuvusha wengine ngambo. Walinzi wanawaacha wapite, lakini wa mwisho, kisha wote.

Mama Masika alifuta vumbi ku kioo na kitambaa. Ku barabara gari moja ilipita na watu wanaimba juu yake, tukashusha vichwa sote watatu, hata kama dirisha ilikuwa imefungwa. Wakati ilikuwa imeenda alisema, hapana kwetu, kwa ile kamutu: "Basi kama njo kazi yenye ulichagua, umuvushe na huyu."

Nikajibu mulinzi. Mulango ikafunguka. Nilisema, bila kufikiri, na macho ku televizyo: "Mama, uone, ametuachilia." Ni Kavira alinipiga kiwiko juu nijue nimesema nini.

Tulicheza mpaka ku mulango yenye ilifuata, haiko mbali. Hapo Papa Masika aliingia, akasema Komanda imefunguliwa, camion inatoka kesho, na akafungua batri na mikono yake mwenyewe. Televizyo ikawa nyeusi. Disque, manette, yote ilibaki Nyakasanza, na mwenye aliingia mu ile nyumba kisha siye sijui kama alijua hata ni kitu gani. Njo maana Kavira anasema tuliishia ku njia. Iko na haki: mwisho ya Valmeron ya kwanza mimi sijawahi kuiona, na jana nilimwambia Gloria akiifikia asinieleze. Lakini kama tungalishika ile ya tatu, na binti ya mufalme yenye jina yake imeshaandikwa na watu ya mbali, tungalipiga na upanga tukafurahi, na kesho yake ningalisimama mbele ya barrière na kinywa yenye haijui kusema mama. Nilimwambia Kavira vile mbele ya sombe. Alisema: "Weye ni mutu wa kubishana mpaka ku kilio." Tukatafuta Gloria tumuulize anaona namna gani, na Gloria alikuwa ameshaenda mu chumba kuanza peke yake, na hakutuambia ni na gani.

Mu ile mwaka ya vita, siku ya mwisho mbele ya camion kutoka, nilisaidia kufunga vyombo. Mama alinipa lamba, nguo ya Masika, ya manjano, nikaijaribu, ilinifaa mabegani na ilikuwa kubwa ku kiuno. Nilikuwa nimeshasema ndiyo wakati nilimwita mama. Hakuna mutu aliniuliza tena na mimi nilijua. Ilibaki baba. Niliona hakuna njia ya kumungoja na hakuna njia ya kumuandikia, na kila mutu mwenye alijua jina yangu mu Bunia alikuwa amekimbia, ao alikuwa mutu yenye sikutaka anione. Isipokuwa moja. Mama Bahati, mwenye kuuzisha makala, mukaa ya kupikia, ku kasoko ka Nyakasanza, alikuwa mutu wa mbali, alifika na wachimba dhahabu, na kila upande ilimuacha juu kila upande inapikaka. Wenye wanatoka kusini wanapita kwake mbele ya kuingia muji, kuuliza kama njia iko salama. Kumwambia ilikuwa hatari: akitaja mbele ya mutu mubaya, watatungoja ku barrière ya kwanza. Niliwaza juu ya ile hatari wakati nilikuwa ninafunga masufuria mu shuka, na Kavira alikuwa anaimba kitu na pua, mara ya kwanza toka nilifika kwao.

Niliamua. Kesho asubuhi, mbele Muzee Saidi hajawasha moteri, nitajifunika kitambaa, nitaenda kununua makala yenye hatuna lazima nayo, na nitamwinamia Mama Bahati ku sikio. Muzee moja atafika toka Aveba, iko murefu, anachechemea muguu ya kushoto. Atauliza Chantal. Umuambie aende Butembo kwa watu ya chumvi, na kule asitaje kabisa jina yenye alinipa. Aulize Masika.